Hasira za siasa: namna Mkristo anavyoweza kuzishughulikia, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale, kwenye jumuiya, baada ya ibada, hata mwaloni Kibirizi hapa Kigoma, watu wakianika dagaa. Je, kuikasirikia serikali ni dhambi? Nijitoe kwenye grupu la kwaya? Shemeji yangu ni wa chama kile, nitakaa naye meza moja vipi? Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 na uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025 maswali haya hayajapoa, ndiyo maana tumeyawekea utaratibu mmoja hapa.

Swali la kwanza tulimalize kabla ya kuanza. Kukasirika si dhambi. Waefeso 4:26 inasema, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi," na Marko 3:5 inamwonyesha Yesu akiwatazama watu sinagogi zima kwa hasira, huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Dhambi huingia kwenye kile unachokifanya na hasira hiyo, na mara nyingi huingia ndani ya dakika kumi za mwanzo, simu ikiwa mkononi.

Mwongozo huu ni wa hasira ya kawaida ya siasa: matokeo ya kura, uamuzi wa halmashauri, kiongozi aliyeahidi akasahau, kitambulisho cha taifa kisichotoka, maswali ya uraia ambayo mtu wa Kasulu au Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi, huulizwa kuliko mtu wa mkoa mwingine. Kama umefiwa au umeumizwa katika vurugu, ruka hatua zote uende kwenye sehemu ya mwisho. Yako ni msiba, na msiba una njia yake.

Andaa kwanza

- Biblia ya karatasi. Ya kwenye simu inafaa siku nyingine, si siku hii, kwa sababu ujumbe utaingia ukiwa katikati ya Zaburi.
- Daftari dogo na kalamu.
- Dakika 20 kila siku kwa siku saba, ikiwezekana kabla ya jua kuzama. Mstari ule wa Waefeso unaendelea kusema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, na uzoefu unakubaliana nao: hasira inayolala na mtu huamka ikiwa imenenepa.
- Msiri mmoja. Mzee wa kanisa, katekista, mama wa jumuiya, rafiki wa siku nyingi. Awe mtu anayeweza kukuambia "hapo umekosea" na bado ukamsikiliza. Asiwe kada mwenzako.

Hatua

1. Zima data kabla hujajibu.
Usijitoe kwenye grupu kwa hasira. Kujitoa nako ni hotuba, na kila mtu ataisoma. Nyamazisha arifa za grupu kwa wiki moja. Hakuna atakayejua, na mambo ya mazoezi na michango utayasoma ukitulia. Kama lazima ujibu jambo, liandike kwenye daftari kisha ulisome tena asubuhi.

Kosa la kawaida hapa ni kutuma ujumbe wa sauti. Watu huona sauti ni nyepesi kuliko maandishi. Ni kinyume. Maandishi yana makosa ya kuchapa, lakini sauti ina pumzi yako, kebehi yako na jina ulilolitamka, na ikishafowadiwa Mwandiga na Uvinza huwezi kuifuata.

2. Iandike hasira kwa sentensi moja.
Sentensi iwe na nani, amefanya nini, lini, na wewe umejuaje. "Hawa jamaa wametuuza" haifai, kwa sababu haina kitu cha kushika. "Mkutano wa kijiji haujaitwa tangu Januari na hatujasomewa mapato na matumizi" inafaa: inaweza kuombewa, inaweza kuulizwa, inaweza hata kukutwa si kweli.

Chini yake chora safu tatu: *nimeona*, *nimeambiwa na aliyeona*, *nimetumiwa*. Kila ulichonacho kiweke kwenye safu yake. Utashangaa safu ya tatu inavyojaa na ya kwanza inavyobaki na mstari mmoja. Mambo ya safu ya tatu hayaendi popote mpaka yahamie ya pili au ya kwanza. Kutoka 23:1 haizungushi: "Usivumishe habari za uongo." Anayeona Torati iko mbali akumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inaadhibu kusambaza habari za uongo.

3. Pima hasira ni ya namna gani.
Soma sentensi yako tena ujiulize ni ipi kati ya hizi:

*Dhuluma.* Kuna mtu ameonewa, awe wewe au mwingine. Hasira hii ina kazi ya kufanya. Usiizime.

*Hasara.* Uamuzi umekuumiza mfukoni, lakini huenda si uonevu. Chukua kusimamishwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Mwenye mtumbwi na mkopo wa nyavu aliumia kweli. Lakini samaki kupewa nafasi ya kuzaliana ni jambo jingine, na mtu anaweza kulikubali hilo huku akiwa na hoja nzito kuhusu namna lilivyomkuta. Hasira ya hasara inataka hesabu na mazungumzo. Kumwita mtu adui hakutarudisha marejesho.

*Ushabiki.* Timu yako imefungwa. Hapa ndipo hasira nyingi zinapoangukia, na ni vigumu kukiri. Kipimo chake ni rahisi: jambo hilo hilo lingefanywa na chama chako, ungeandika sentensi hiyo hiyo? Kama hapana, funga daftari, nenda ukaote jua ziwani.

Yakobo na Yohana waliichanganya ya kwanza na ya tatu. Kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea Yesu, walitaka moto ushuke kutoka mbinguni (Luka 9:54). Walidhani wanatetea heshima ya Bwana. Aliwageukia akawakemea wao.

4. Mlalamikie Mungu, kwa sauti.
Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba nyingine. Watu wetu wamefundishwa kuomba kwa adabu, basi hasira huachwa mlangoni pamoja na viatu na kuvaliwa tena wakati wa kutoka.

Tumia Zaburi 13. Ina mistari sita tu na imegawanyika vizuri. Mstari wa 1 na 2 ni malalamiko, na "hata lini" inaulizwa mara nne. Wa 3 na 4 ni ombi. Wa 5 na 6 ni tumaini. Fanya hivi:

a) Soma mstari wa 1 na 2, kisha uweke "hata lini" zako nne, ukitumia sentensi ya hatua ya pili. "Ee Bwana, hata lini kijana wangu ataulizwa babu yake alizaliwa wapi?" Sema kwa sauti. Kama nyumba ina watu, nenda shambani chini ya michikichi.

b) Kaa kimya dakika mbili. Usijaze nafasi kwa nyimbo.

c) Soma mstari wa 3 na 4, omba jambo moja mahususi. Moja.

d) Mstari wa 5 na 6 usome hata kama husikii kitu moyoni. Daudi hakungoja ajisikie vizuri.

Onyo la kwanza: usikimbilie (d). Anayeanza na "yote ni mapenzi ya Mungu" kabla hajalalamika atalalamika baadaye kwa mke wake, kwa watoto, au kwa dereva wa bodaboda.

Onyo la pili: kuna zaburi kali zaidi, kama 58 na 109, ambazo mwandishi anaomba adui apatilizwe. Ziombe faraghani ukihitaji, kwa sababu zinafanya kazi moja muhimu: zinatoa kisasi mikononi mwako na kukikabidhi. Usizisome madhabahuni ukimlenga mtu kwa jina. Mkesha wa kuomba diwani fulani asiamke kesho si maombezi. Ni ule moto wa Luka 9 umevishwa suti.

5. Mwombee aliyekukasirisha, kwa jina na kwa kazi yake.
1 Timotheo 2:1-2 inaagiza maombezi kwa wafalme na wote wenye mamlaka, na iliandikwa chini ya dola ya Kirumi, ambayo haikuwa rafiki wa kanisa. Kwa hiyo kumwombea si kumpigia debe.

Sentensi tatu zinatosha, kila siku kwa siku saba: atende haki katika jambo hili (litaje), aepushwe na washauri wabaya, nyumba yake iwe na afya. Ya tatu itakwama kooni. Hiyo ndiyo dalili kwamba ilihitajika.

Kosa la kawaida: kuhubiri ndani ya maombi. "Bwana, umfungue macho huyu anayekula fedha za wananchi" mbele ya jumuiya nzima ni tuhuma iliyosemwa macho yakiwa yamefumbwa.

6. Kaa na msiri wako robo saa.
Siku ya tatu au ya nne panatosha. Msomee sentensi yako na safu zako tatu. Muulize maswali mawili tu: je, nimesema kweli? na je, nimebakiza nini? Kisha nyamaza. Akiwa wa chama kingine, bora zaidi. Kati ya wale kumi na wawili alikuwamo Mathayo, mtoza ushuru aliyekuwa akikusanya fedha kwa ajili ya utawala, na Simoni aitwaye Zelote, jina la watu wenye wivu mkali kwa taifa na sheria yao. Yesu aliwaita wote wawili, na hatusomi popote kwamba aliwatenganisha sahani.

7. Jambo lipeleke mahali pake.
Kama katika hatua ya tatu ulikuta dhuluma, maombi peke yake hayajamaliza kazi. Kielelezo ni Nehemia 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme, watoto wao wanatiwa utumwani. Nehemia akakasirika sana. Angalia mfuatano wake: kwanza akafikiri moyoni mwake, kisha akawakabili wakuu waliohusika, ana kwa ana, akaitisha mkutano, akataja alichotaka kirudishwe, mashamba, mizabibu, nyumba na ile sehemu ya mia ya fedha na nafaka, akawaapisha mbele ya makuhani. Na katikati ya yote akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha.

Kwa hapa kwetu, ngazi ziko hivi:

Kijijini, anza na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana walau mara moja kila miezi mitatu. Mjini, mkutano wa mtaa. Mwaloni, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU. Pasipopatikana jibu, mtendaji wa kata na diwani, kisha mkurugenzi wa halmashauri, kisha mbunge. Rushwa ina mlango wake: TAKUKURU, namba 113, kupiga ni bure. Haki iliyovunjwa na ofisi ya umma inaweza kupelekwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Barua iwe nusu ukurasa. Aya ya kwanza, kilichotokea na tarehe. Ya pili, mnachoomba. Toa nakala, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki nayo. Ombi liwe kitu ambacho mpokeaji anaweza kukitenda. "Serikali itujali wavuvi" litafunguliwa faili na kulala humo. "Tunaomba tarehe ya kusimamisha uvuvi itangazwe miezi mitatu kabla, ili wenye mikopo wapange marejesho" lina pa kuanzia.

Usiende peke yako. Nendeni watatu au zaidi na wote msaini. Anayewaambia kwamba Mkristo hadai haki msomeeni Matendo 16:37, Paulo anakataa kutolewa gerezani kimyakimya na kutaka mahakimu waje wenyewe, na 25:11, anapokata rufani kwa Kaisari.

Wenye kutaka mfano wa karibu wakumbuke Tabora, Januari 1958. Wajumbe wa TANU walikutana wakiwa na hasira ya haki juu ya kura tatu, mpango wa wakoloni uliomlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kuususia. Walibishana, na mwisho wakaamua kuingia na kushinda humo humo, wakashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaunda chama chake. Uamuzi ule mpaka leo unaitwa wa busara, na waliobishana siku ile hawakuwa na hasira ndogo kuliko yako.

8. Mrudie mtu uliyemuumiza.
Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane na ndugu yako kwanza. Basi kabla ya Jumapili. Nenda kwa miguu, si kwa ujumbe. Salimia kwa utaratibu wote, shikamoo ianze, habari za wagonjwa zifuate, usiingie kwenye jambo ukiwa bado umesimama mlangoni. Halafu sema kitu kama hiki:

"Mama mdogo, yale maneno niliyoandika juzi yalikuwa makali na yalikugusa. Naomba unisamehe. Kuhusu kura bado naona tofauti na wewe, lakini wewe ni mama yangu."

Toba iwe ya maneno makali, si ya msimamo. Ukiomba radhi kwa msimamo ambao bado unao, utakuwa umedanganya, na wiki ijayo utaonekana kigeugeu. Wala usiongeze "lakini na wewe ulisema..." Hilo lisubiri aliseme mwenyewe. Ukikaribishwa ugali na migebuka, kula.

Mji wetu una jambo moja la ziada. Ujiji na Kigoma Mjini, familia nyingi zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Hasira ya chama hugeuka haraka kuwa hasira ya dini, hasa mgombea akiwa wa upande fulani. Ukisikia sentensi inaanza na "hawa Waislamu" au "hawa walokole" mahali ambapo jana ilianza na jina la chama, simamisha mazungumzo hapo hapo.

Kwa viongozi wa ibada, kwa kifupi

Mgombea akija ibadani, mpeni kiti, mtambulisheni kama mgeni, msimpe kipaza sauti. Wa chama kingine akija Jumapili inayofuata, apate kiti kile kile. Mavazi na kofia za chama zibaki nje. Maombezi ya viongozi yafuate vyeo, mwenyekiti wa mtaa, diwani, mbunge, Rais, na si vyama.

Pakikwama

*Nimeomba siku saba, hasira iko palepale.* Angalia mambo matatu. Je, bado unatazama video za siasa kabla ya kulala? Mithali 26:20: "Moto hufa kwa kukosa kuni." Je, sentensi ya hatua ya pili ni ya kweli, au chini yake kuna jambo jingine, kama kazi uliyokosa au ndugu aliyekudharau? Je, ni dhuluma ambayo hujaipeleka popote? Ya namna hii haitulii kwa maombi kwa sababu inangoja miguu yako.

*Nimeshatuma habari, kumbe ya uongo.* Ifute, kisha andika marekebisho kwenye grupu lile lile, si faraghani: "Habari niliyotuma jana kuhusu jambo hili si kweli. Naomba aliyeisambaza airekebishe." Usijieleze zaidi ya hapo.

*Mchungaji anapigia debe chama mimbarini.* Mathayo 18:15-17. Kwanza ninyi wawili, kwa heshima, siku isiyo ya ibada, ukiwa na maneno yake halisi na tarehe. Akikataa, nenda na mzee mmoja au wawili. Kisha baraza la kanisa. Usimrekodi ili umwanike.

*Mume na mke vyama tofauti.* Wekeni saa ambazo siasa haizungumzwi: mezani, na baada ya sala ya jioni. Kura ni siri hata ndani ya ndoa, na kumlazimisha mwenzako aseme amempigia nani si unyenyekevu unaofundishwa na Waefeso 5.

*Naogopa kusema.* Woga si ukosefu wa imani. Mhubiri 3:7 ina wakati wa kunyamaza na wakati wa kunena. Tumia barua yenye saini nyingi, au mpe jambo kiongozi wa kanisa alifikishe kwa niaba yenu. Ukihofia usalama wako, mweleze msiri wako unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

*Nimefiwa, au nimeumizwa.* Usifanye hatua ya tano na ya nane sasa. Asikuharakishe mtu kusamehe, hata akiwa na kola. Anza na Zaburi 13 mstari wa 1 na 2, ukae hapo wiki hata mwezi. Jumuiya ije ikae nawe bila hotuba, ilete unga na kuni, ipokee wageni. Andika kilichotokea ungali unakumbuka: tarehe, mahali, walioshuhudia, na utunze vyeti vya hospitali. Karatasi hizo zitahitajika ukija kudai haki, na zikipotea ni vigumu kuzipata tena. Usingizi ukikataa kwa zaidi ya wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru au kudhuru mtu yakikujia, nenda kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Mwambie daktari jambo lenyewe, si "kichwa kinauma" tu, na umwombe padre au mchungaji akusindikize kama peke yako huwezi.